Jina Tulilompa Mtoto

Nyakato, 4 Machi 2024

Mama Evelina, shikamoo.

Naamini umeamka salama na mguu umepunguza kuuma. Sisi tunapumua. Naandika kwa mkono kwa sababu simu Mashimba ameipasua. Iliita tu, akairukia kama nyoka. Jirani yangu Odeta anakuja Kisesa gulioni, atakuletea barua hii.

Mwanao Mashimba amerudi kutoka Kongo, lakini hajafika. Daktari anasema vita vimemwachia ugonjwa wa akili, unatibika, ila tuondoe nyumbani kila kinachomrudisha kule. Redio nimezima. Mlango siubamizi. Limebaki jina la mtoto.

Najua ulimpa la Mutalemwa kwa upendo, ili rafiki aliyemfia Mashimba mikononi asipotee. Lakini kila nikisema, "Mutalemwa, njoo unyonye," Mashimba anasimama, anauliza yuko wapi, anaingia uvunguni kumtafuta. Jana alimpapasa mtoto kifuani akitafuta jeraha.

Mama, tubadilishe jina.

Mkweo, Kija

Kisesa, 9 Machi

Kija mwanangu,

Marahaba. Mguu ni uleule, namshukuru Mungu. Mjukuu ameota meno?

Nimesoma nikalia. Lakini jina la marehemu halivuliwi kama shati. Mama yake, Teodora, alisafiri kutoka Bukoba, akampakata mtoto, akasema, "Karibu tena, baba." Ulikuwepo. Leo nimwambie tumemfukuza?

Mashimba ni askari, atazoea. Baba yake naye alirudi kutoka Uganda, akakaa kimya mpaka tunamzika, na hakumsumbua mtu.

Mama yako, Evelina

Nyakato, 17 Machi

Mama, shikamoo. Salamu nyingine utanisamehe.

Usiniambie habari za kuzoea. Usiku halali. Vidonge anavificha chini ya ulimi. Jana alinikalisha, akasema kwa upole kabisa, "Kija, nilimwahidi huyu kijana nitamrudisha kwa mama yake. Mbona mnamficha hapa?"

Nikacheka, nikidhani ataona ni mzaha.

"Unacheka nini?"

Wewe ndiye uliyelitoa jina. Mimi nikilifuta nitakuwa mgeni tu anayeharibu mambo ya ukoo. Wewe ukiliondoa atakusikia. Njoo, mama. Naogopa kumwacha na mtoto hata nikienda bombani.

Mkweo, Kija

Bukoba, 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Sikupata jibu lako.

Nilikwenda bombani. Mashimba alimwomba Odeta sweta la mtoto, akasema Bukoba kuna baridi, akapanda meli naye. Nimewakuta kwa Teodora. Anasema Mashimba alipofika alipiga magoti, akamwekea mtoto mapajani: "Mama, nimemleta. Nisamehe, nimechelewa." Kisha akalala kwenye kochi, usingizi ambao sijauona tangu arudi.

Nilinyoosha mikono nimchukue mwanangu. Teodora akanishika.

"Binti yangu, wangu nilimzika, najua. Huyu ni wako. Lakini mumeo akiamka akakuta mapaja yangu matupu, utamzika na yeye."

Nikasubiri. Aliamka, akala ndizi, akacheka. Sasa kila nikimsogelea mtoto, Mashimba anasimama katikati yetu: "Mwache kwa mama yake." Teodora ananiletea mtoto jikoni kwa siri, nanyonyesha kama mwizi. Nikimbeba nikakimbia, nampoteza mume. Nikibaki, mtoto anakuwa marehemu akiwa hai.

Ananyonya huku ananitazama, na mimi sina cha kumwita. Njoo na jina jingine, mama, hata la kuokota njiani.

Mama yake,
Kija