Mguu Uliopona Mdomoni

Tudor, Mombasa

Kwa mdogo wangu Oliver, huko Kibwezi,

Pokea salamu za kaka yako. Natumai wewe, shemeji na mbuzi wenu mu wazima, na kile kikohozi kimekuachia koo la kuimbia. Mimi ni mzima kabisa. Jana nilitembea kutoka hapa Tudor hadi Mwembe Tayari bila fimbo, vijana wakinipisha njia.

Uongo. Hata chooni sifiki bila kushikwa kwapa. Nilitaka tu kulionja hilo neno la "nimepona" mnalolitamka kila siku, nijue ladha yake. Ni tamu kweli, lakini mguu bado unanuka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husemezeki. Nikifungua mdomo, wewe washapiga "Amina!" na kukata. Barua haikatwi.

Sukari imeula mguu wa kushoto. Daktari alisema kidonda kimefika mfupani, ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda, la sivyo nitakufa. Mke wangu Truphosa akaenda kuwaambia wenzake wa ushirika wa maombi. Wakaja, wakaimba, wakanipaka mafuta mpaka nikang'aa kama bajia, kisha kiongozi wao akaniagiza nisiseme tena kwamba naumwa. Eti kinywa huumba. Niseme nimepona, na uponyaji utanikuta njiani. Nikamuuliza kama yeye akiwa na njaa husema ameshiba. Akasema nina roho ya ubishi. Hapo alinena kweli.

Tangu siku hiyo amekuwa redio. Kila abishaye hodi huambiwa mzee amepona, Bwana asifiwe. Swabaha, jirani wa mlango wa pili, alikuja na bakuli la mchuzi wa samaki. Aliposikia nimepona, akasema alhamdulillahi, akaona haya kumlisha mtu mzima mwenye afya yake, akarudi nao. Nikapiga kelele kutoka kitandani kwamba sijapona, mchuzi urudi! Truphosa akafunga mlango, akasema huyo ni shetani anatumia koo langu. Basi shetani anajua chakula.

Truphosa nilimsamehe. Aliyenichoma ni wewe. Uliahidi kuja, ukakata tiketi, ukaambiwa nimepona, ukairudisha. Na usijifanye hukuelewa! Wewe umeokoka zamani. Wajua vyema kwamba mtu wenu akitangaza hivyo huwa bado yuko kitandani. Ulielewa, ukafurahi, kwa sababu hukutaka kuuona mguu huu. Jina la Mungu umelifanya pazia, bwana! Mama yetu alikuwa akisema "Mungu akijalia tutavuna" huku ameshainama na jembe. Hilo ndilo neno la mtu anayemtegemea Mungu. Lako ni la mtu anayemkimbia mgonjwa.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Juzi Truphosa alikuwa ananiosha kidonda, akidhani nimesinzia. Hakuimba, hakukemea pepo. Alisema polepole tu kwamba anaogopa, Mungu asimwachie nyumba tupu. Oliver, mimi niliyewacheka walokole tangu nikibeba magunia pale reli, nilijikuta nikiitikia. Nilimwambia Mungu kwamba hata mimi naogopa. Sikujua kama hayo nayo ni maombi. Tukalia wote wawili kama watoto, bandeji mkononi.

Kulipokucha yeye mwenyewe alinishika kwapa tukaenda kwa daktari, nikakubali. Nakatwa Alhamisi ijayo. Hasira zangu kwako hazijakatwa, zitabaki na mguu mmoja zikikusubiri.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia kwa nia safi. Barua hii nimempa Dzoro, utingo wa basi, kwa hiyo usiseme haikufika.

Nina dai moja dogo. Ulipopasuliwa ngiri, mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi la nje mpaka ukazinduka ukaanza kunitukana. Truphosa hawezi kukaa pale peke yake. Njoo ukalie benchi hilo. Usihubiri, usitangaze kitu, ukae tu.

Kaka yako,
Musyoka