Safari ya Visiwani na Mama Jael

Mtaa wa Buxton,
Mombasa.
21 Juni 1998

Mpendwa Shemeji Mama Gunga,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti lako limepata nafuu sasa masika yanapoisha, na mzee wa nyumba pamoja na wajukuu wote hapo Muheza wako salama. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kujiita hajambo. Macho yananisumbua kidogo jioni, lakini chakula napata na usingizi napata.

Kabla ya yote, naomba uniwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ya Aprili niliipokea, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaiweka ndani ya Biblia. Mara kadhaa nimeanza kuijibu nikaishia kuchana karatasi. Haikuwa dharau, Shemeji. Ulichouliza kinataka jibu la kweli, nami nilikuwa sijawa tayari kulitoa.

Uliuliza kama ni kweli nimemweka mwanamke mwingine mahali pa mdogo wako Kache, tena mwanamke ambaye ni mkwe wangu, mama yake Jael, huyo Jael aliye mke wa mwanangu Levi. Ukasema ikiwa ni kweli, hutakuja Rabai mwezi wa Agosti kusimamisha msalaba juu ya kaburi la Kache, nami nisikuandikie tena. Sikulaumu hata kidogo. Kama ningeyasikia uliyoyasikia, huenda ningeandika makali zaidi.

Basi niruhusu nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Kampuni anayofanyia kazi Levi ina meli ndogo ya kutembeza watalii visiwani, yenye vyumba vichache tu. Kwa ajili ya ghasia za mwaka jana na mvua zile zilizokataa kukoma, wageni wa Ulaya walipungua sana, na wafanyakazi wakaambiwa kwamba nafasi zilizobaki wanaweza kuwapa wazazi wao. Levi alinitaja mimi, Jael akamtaja mamake, ambaye naye ni mjane wa miaka mingi. Watoto walifanya hivyo kwa mapenzi, nami nikakubali, nikiamini kila mtu atapewa chumba chake kama inavyopasa.

Tulipandia Bandari ya Kale mwishoni mwa Februari. Aliyetupokea ni mhudumu mmoja, mtu mzima wa Mji wa Kale, jina lake Jaffar. Akabeba mizigo yetu, akafungua mlango. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kipana, kimemwagiwa asmini kuanzia kichwani hadi miguuni, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa jina langu, "Bwana na Bibi Baya".

"Karibuni maharusi wangu," akasema. "Mke wangu ameyatunga haya tangu alfajiri."

Unajua kwetu ilivyo. Mtu hapiti hata karibu na mahali kitanda cha mkwe wake kinapoanikwa. Mama Jael alijifunika uso kwa leso. Mimi nikatazama dari. Nilitafuta maneno ambayo hayatamwaibisha yule bwana aliyejitaabisha kwa ajili yetu, nikayakosa, hata mwisho nikasema tu, "Bwana Jaffar, tafadhali, huyu ni mkwe wangu. Mwanangu amemwoa binti yake."

"Yarabi!" Jaffar akashika kichwa. "Mzee, na mimi nimekumwagieni asmini!"

Hapo Mama Jael, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu tutoke nyumbani, alicheka hata akakaa juu ya sanduku lake.

Vyumba vingine vilikuwa vimejaa. Yeye akachukua kile, nami nikalala kwenye kochi la ukumbi wa chakula safari nzima, kwa shuka alilonipa Jaffar. Hayo unaweza kumwuliza yeyote aliyekuwa melini.

Lakini chakula kilikuwa taabu nyingine. Meza zote zilikuwa za watu wawili, wanaokaa wakitazamana. Mimi nitatafunaje mbele ya mkwe wangu? Nikakigeuza kiti changu kielekee baharini, naye akageuza chake. Kila mlo wahudumu walivirudisha viti, nasi tulivigeuza tena. Nahodha, Mzungu mpole, akaja kumwuliza Jaffar kama wale wazee wamegombana.

"Mwambie hatujagombana," akasema Mama Jael. "Waliogombana ni wale wanaotazamana pale."

Nahodha alipotafsiriwa alicheka, na tangu hapo viti vyetu vikaachwa.

Ndivyo tulivyokaa basi, bega kwa bega, tukiyatazama maji yale yale, na ndivyo mazungumzo yalivyowezekana. Tulikuwa tumekaribia Pemba alipouliza, "Mkwe, Kache alikuwa akipenda samaki gani?"

Tangu tumzike, hakuna aliyeniuliza juu yake. Watu hulikwepa jina lake mbele yangu kana kwamba ni shimo njiani. Hata Levi husema "marehemu". Nikamwambia alipenda changu wa kukaanga, na kwamba kichwa kilikuwa chake, ole wake mtu mwingine akikigusa. Nikamwambia alivyokuwa akiimba kanisani kwa sauti kuu, mbele ya wenzake kwa neno zima, akiwalaumu wao kwa kuchelewa. Mama Jael akataka zaidi. Naye akanisimulia juu ya mumewe, ambaye mimi nilimjua kwa kusalimiana tu.

Unguja wenzetu walikwenda kuoga baharini. Sisi tulikwenda kanisa la Mkunazini, tukakaa benchi ya nyuma. Huko nililia, mimi ambaye sikulia mazishini kwa kuwa nilikuwa nikiwapokea wageni. Mama Jael alitazama upande mwingine hata nilipomaliza.

Siku tuliyorudi, pale ngazini Bandari ya Kale alikuwapo Sheikha, muuza viazi vya karai anayenijua tangu nilipokuwa karani forodhani. Alipotuona tunashuka pamoja, akapiga kigelegele.

"Mzee Baya! Kumbe umeoa kimyakimya! Na pilau yetu iko wapi?"

"Pilau mdai Levi!" Mama Jael akamjibu, na watu wote wakacheka.

Mimi pia nilicheka, sikusahihisha. Kabla sijafika Buxton habari zilikuwa zimenitangulia, na naona zikaendelea mpaka Muheza.

Sasa nifike kwenye swali lako. Sijaoa. Lakini sitakuficha kwamba nilifikiri juu ya jambo hilo. Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyoiacha. Mwezi wa Mei nilikwenda Tudor, kwa Levi, ambako Mama Jael anakaa, nikamweleza kwa heshima yote.

"Mkwe," akasema, "tukioana, hawa watoto wetu watakuwa ndugu. Na hivi Jael ana mimba. Huyo mjukuu tutamwambia nini?"

Nikaona amesema haki. Jambo hilo limekwisha, wala halitafufuliwa. Lililobaki ni hili: Jumapili baada ya ibada hupita Tudor, tukakaa barazani na watoto wakiwapo, viti vimeelekea barabarani, tukawataja waliotutoka kwa majina yao. Nakuomba usiniambie niache.

Nilimsomea barua yako. Akasema atabaki Mombasa siku ya msalaba, ili wewe uje. Nimemkatalia. Nimekuwa mtu wa kuomba radhi maisha yangu yote, lakini katika hili sitaweza. Yeye ndiye aliyelirudisha jina la Kache nyumbani mwangu, na wewe ndiwe uliyembeba Kache mgongoni alipokuwa mtoto. Nawataka nyote wawili. Mmoja wenu asipokuwapo, msalaba utangoja, hata kama ni mwaka mwingine, na kama nitakuwa nimekufa, Levi atajua la kufanya.

Nisalimie mzee wa nyumba, Gunga na mkewe, Stacy na mwalimu wake wa Jumapili, na wote wa kanisa wanaonikumbuka. Levi na Jael wanakuamkia. Mungu aipe nyumba yako amani, na akutie nguvu ya safari.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu siku zote,

Samuel Baya

Barua hii sikuitia posta. Inakuja kwa mkono wa Mama Jael mwenyewe, kwa basi la Tanga. Nilimsihi asijitaabishe, alisema hawezi kuchukiwa na mtu asiyemjua. Kwa kuwa hamjawahi kuonana, huenda umempokea kama mjumbe tu, na hivi sasa ameketi ukumbini kwako, akingoja umalize kusoma.