Mwizi Aletaye Pointi

Dayton, Ohio
Jumatatu, mwanzo wa Novemba

Kwa mdogo wangu Odell,

Pokea salamu nyingi za dada yako Verlene. Hujambo? Nakuuliza kwa dhati, si kwa desturi, maana hilo ndilo jambo ambalo mimi na Mama tunataka kulijua kuliko yote: u mzima? Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika kila nikipanda ngazi, na moyo wa Mama bado unakwenda kwa vidonge, ila ulimi wake hauhitaji dawa yoyote. Usishangae kuikuta barua hii imebanwa kwenye mfuko wa dawa zako. Nitakueleza ilivyofika hapo.

Unanijua mimi na bei. Baba alipofariki nilishika mambo ya dawa za Mama, na bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo, hakuna mtu kanisani kwetu anayelipa kidogo kuliko sisi. Namwomba daktari aandike dawa ya miezi mitatu kwa mpigo. Namwomba ile isiyo na jina kubwa, kwa kuwa ndani ni ileile. Kisha kabla ya kutoa bima nauliza bei ya kuponi, ile karatasi ya punguzo, kwa sababu kuna siku kuponi inaishinda bima, na asiyeuliza haambiwi. Kina mama wa kwaya wananiita Waziri wa Fedha. Wananitania hivyo, lakini ibada ikiisha wananifuata na vyeti vyao vya daktari mkononi.

Tena kuna ile kadi ya wateja ya duka letu la dawa, ambayo Baba aliifungua kwa namba ya simu ya mezani. Simu yenyewe tuliikata zamani, lakini ukifika kaunta unataja namba ile na pointi zinaingia, nazo zikitosha unazinunulia vitu. Za Mama ni chache, kwa kuwa dawa zake sehemu kubwa hulipiwa na bima ya serikali na hizo hazina pointi; anapata za sabuni na dawa ya meno tu. Basi mwaka jana nikaona kwenye risiti pointi zinapanda kila mwanzo wa mwezi, tena nyingi. Nikajua kuna mtu ametuibia namba.

Nikaenda kugomba. Mfamasia, Bi Pruitt, alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akaniuliza kama kuna pointi hata moja tuliyoibiwa. Nikasema hakuna. Akacheka: “Sasa Verlene, mwizi gani huyo anavunja nyumba ya mtu halafu anaacha sukari mezani?” Nilipotaka jina, akasema hata nikimnyonga hawezi kumtaja mteja, sheria hairuhusu.

Nilirudi nyumbani nimefura, nikamwambia Mama kesho nabadilisha namba. Tena nilikuwa nimepata duka jingine ng'ambo ya mto lenye bei nafuu zaidi, nikataka tuhamie huko kabisa. Unamjua Mama, hapandishi sauti. Siku hiyo aliipandisha: “Thubutu! Iguse namba hiyo uone!” Nikadhani ni uzee. Tukaendelea kulipa zaidi, jambo lililoniuma kuliko magoti.

Sasa Septemba pointi hazikupanda. Oktoba vilevile. Mama akawa ananituma dukani kununua vitu tusivyovihitaji, mradi nimletee risiti. Dawa ya meno tuliyo nayo inatosha mtaa mzima. Jana nilimletea risiti nyingine, akaisoma, akaiweka chini, akalia. Mama yetu, ambaye hakulia hata siku tulipomzika Baba.

Ndipo akaniambia. Namba ile inajulikana na watu watatu tu walio hai: yeye, mimi na wewe. Alijua tangu mwezi ule pointi zilipoanza kupanda. Siku ya mazishi alikwambia usigonge tena mlango wake, nawe hukugonga. Lakini kila ulipochukua dawa zako ulitaja namba ya nyumbani, na yeye akisoma risiti anajua mwanawe yupo, anatembea kwa miguu yake. Pointi zako alizinunulia sabuni. Mwaka mzima ameoga kwa sabuni yako, Odell, wala hakuniambia. Amenituma nikuandikie maneno haya bila kuyapamba: alikosea, na kiburi ndicho kilichomzuia kusema.

Leo nimempelekea Bi Pruitt barua hii, na mistari hii ya mwisho naimalizia hapa kaunta. Amesema hawezi kuniambia kama anakujua, ila kama rafuni kuna mfuko wenye jina hilo, stepla anayo. Kisha, huku akitazama pembeni, akaniambia kwamba dawa isiyochukuliwa hurudishwa stoo baada ya siku chache.

Kama ni fedha iliyokukwamisha, usiache dawa. Mwombe bei ya kuponi. Nimemwachia ile yangu. Kufa kwa ajili ya bei ni ujinga, na kwetu hakuzaliwa mjinga.

Njoo Jumapili. Mama atapika kuku na mkate wa mahindi, na atakugombeza kwamba umekonda. Ukiona bado ni vigumu, sitakulaumu. Lakini kama leo hukuitaja namba, rudi kaunta ununue hata pipi moja, uitaje. Mimi nitakuwa nikinunua dawa ya meno kila asubuhi mpaka nione umepita.

Wasalimie wote walio karibu nawe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Verlene