Kodi ya Judo kwa Jina la Bibi

Bibi yangu,

Hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kusoma barua. Ulikuwa unanipa mimi, unajiegemeza ukutani, unasema, "Soma polepole, hakuna mwenye anatufukuza." Basi hii nimeiandika na nitakusomea mwenyewe, polepole vilevile.

Nianze na habari ya kukuchekesha. Kwenye kompyuta ya ofisi ya kodi hapa Bujumbura, mcheza judo wa familia yetu alikuwa ni wewe. Wewe, Bibi, na goti lako lile, uliyekuwa hushuki ngazi ya duka bila kumshikilia mteja!

Unamkumbuka yule mzee wa duka la rangi aliyekubali kunifadhili, mradi nivae jina la duka lake mgongoni kwenye mashindano. Mimi nilikuwa bado mtoto, akataka mtu mzima mwenye namba ya kodi azipokee fedha kwa niaba yangu. Ukatoa namba ya duka lako la vitenge, tena uliitaja kwa sauti ili mtaa mzima wa Buyenzi usikie. Kila fedha ilipoingia ulinikabidhi mbele ya mjomba Ramadhani, asije mwanao mwenyewe akasema umekula. Ikawa nauli, ikawa maziwa, ikawa kimono ya judo. Hakuna aliyetuambia kwamba fedha ile ilitakiwa kutangazwa kila mwaka na kulipiwa kodi. Yule mzee alijua, akaandika kwenye hesabu zake kwamba amekulipa wewe kwa ajili ya judo, na sisi tukakaa kimya kwa kutojua.

Sasa klabu imenichagua kwenda kufanya mazoezi nje ya nchi. Ndiyo, Bibi, mimi! Ila wafadhili wa safari wanataka karatasi ya kuonyesha sina shida na kodi, kwa hiyo nilikwenda kufungua namba yangu mwenyewe. Nilimkuta baba mmoja wa makamo, mpole, ana rozari shingoni. Akaniuliza kama nimewahi kupokea fedha za michezo. Nikamwambia zilipitia kwa bibi yangu, marehemu. Akatafuta jina lako, akaisogelea kompyuta. "Bibi wako njo alikuwa anapiganaka judo?" Nilicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Halafu akaniambia, yeye hacheki, kwamba jina lako lina deni.

Nilimwomba arudie kusoma. Maana siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka nyumbani, mjomba alisimama mlangoni akatangaza kama kuna anayemdai marehemu aje kwake. Alijitokeza muuza mkaa peke yake, naye akasema amesamehe. Nilikulilia siku ile, lakini nilijipa moyo kwamba umeondoka bila mzigo. Kumbe kulikuwa na mdai ambaye hakusikia tangazo.

Nikaenda moja kwa moja gereji. Mjomba alikuwa chini ya gari, akajibu akiwa huko huko. "Achana nayo. Mutu akikufa, deni ya Leta inakufa naye." Leta, serikali, anavyoitaja yeye utadhani ni jirani mbaya. Nikamweleza kwamba yule baba hakuniambia hivyo. Alisema naweza kuchukua namba mpya na karatasi yangu, jina lako likabaki na deni lake mpaka litakaposahaulika. Au niseme fedha zilikuwa zangu, deni liwe langu, na nisipewe karatasi mpaka nilipe. Akiba yangu ya safari isingetosha, na klabu ilikuwa inafunga majina kesho yake. "Si umesikia? Chukua karatasi uende," akasema mjomba.

Nilikasirika, Bibi. Nikamwambia, "Mujomba, si we njo ulisimama kwa mulango?" Akatoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Nilisema watu," akajibu. "Leta si mutu." Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu nilikuwa nataka kulia pia. Sikutaka mtu yeyote duniani, hata mashine, aseme unadaiwa kwa sababu yangu.

Asubuhi mjomba alinikuta tayari niko njiani kwenda ofisi ya kodi. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na Ijumaa haikuwa. Tukaenda pamoja.

Yule baba alitusaidia sana. Alitenganisha fedha zote nilizowahi kupewa kwa ajili ya judo. Michango ya majirani na ya vijana wa gereji ni zawadi, hiyo akaiacha. Ya mzee wa rangi, kwa kuwa nilibeba jina lake mgongoni, ni mapato, hiyo ina kodi. Niliandika kwamba yalikuwa mapato yangu na wewe ulinishikia tu. Akiba yangu ikaisha yote na bado pakapungua, mjomba akaingiza mkono ndani ya kanzu. "Nilisimama kwa mulango," akasema, akalipa kilichobaki. Karatasi niliipeleka klabu mchana huo huo. Tiketi wanatoa wafadhili, mimi nitakwenda na mfuko mtupu na kimono yenye viraka, na sijawahi kuwa na furaha namna hii tangu uondoke.

Mengine ni madogo. Dukani kwako sasa kuna fundi wa simu, kijana mwenye adabu. Vitenge vilivyobaki tuligawana wanawake wa familia, mimi nilichukua kile cha kijani ulichokataa kukiuza. Bado nanunua mandazi kama vile upo, mengi kuliko tunavyoweza kula.

Mwishoni yule baba aliniomba nisaini ili jina lako lifungwe. Hapo nililia, Bibi, mbele ya watu wote, kwa sababu ilikuwa kama nakuaga mara ya pili. Aliningoja. Kisha akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. "Angalia, mwanangu. Bibi wako hana deni."

Nakuahidi, maadamu mwili huu unanilisha, kila mwaka nitakwenda kutangaza nilichopata kabla sijaitwa. Nitapigana vizuri huko niendako. Na dua zako hazitakatika, mimi na mjomba tumekubaliana.

Hudaiwi na mtu, Bibi. Hata na Leta. Pumzika.

Mjukuu wako,
Zuhura