Mama Noeline Prosser, Aliyestaafu Akahamia Melini

Mwaka umetimia, Mama, tangu meli yako ilipoingia Sydney nawe ukiwa umeshatutoka. Hadi leo, asubuhi ya meli kufika, mimi Glenys wako najikuta nimeshika ufunguo wa gari niende bandarini kukupokea.

Ulifanya kazi miaka mingi katika posta ya Corrimal, ukawajua watu kwa majina yao na kwa magonjwa yao. Baba alipofariki uliuza nyumba, ukahamia kwenye meli ya watalii kama mtu anayehamia mtaa wa pili. Majirani wakasema watoto wako tumekutupa. Kaka yangu Darrell alipokutajia nyumba nzuri ya wazee karibu na kwake, ulimjibu, "Huko nitalishwa jeli na kuitwa 'mpenzi' na vitoto vya juzi. Melini nakula kamba na kucheza dansi. Ungekuwa wewe ungechagua wapi?"

Tulikutania sana, lakini tulikuonea fahari. Uliwafumia soksi vichanga vya wafanyakazi wa meli, watoto ambao hukuwahi kuwaona, zikaenda hadi Manila na Bali. Abiria wageni waliopotea njia walikuuliza wewe kabla ya kwenda mapokezi. Na kila uliposhuka Sydney ulinijia na mkoba wa vichupa vya shampuu ya melini, utadhani mimi siogi.

Nilitaka jambo moja tu: urudi. Moyo wako ulikuwa umechoka, daktari alishasema. Nikapaka rangi chumba cha nyuma, nikakuomba, nikakasirika, nikakuomba tena. Mwishowe ukasema, "Haya basi, mwanangu. Niende na meli hadi Nouméa mara moja nikawaage watu wa melini, halafu nashuka. Umefurahi?" Ukafia njiani, usingizini. Nikabaki na swali linalonitafuna: ulikuwa unakuja kweli, au ulitaka tu ninyamaze?

Aliyenijibu ni Wayan, mhudumu wa chumba chako, wala sikumuuliza. Melini taulo ikitupwa sakafuni maana yake ichukuliwe ikafuliwe, na mazoea hayo ulikuja nayo hadi bafuni kwangu. Nimeziokota sana taulo zako, huku nabwata. Basi Wayan alitupokea chini ya ngazi ya meli, machozi yanamtoka. "Safari hii Ibu hakutupa hata taulo moja," alisema. Ndivyo alivyokuita, "mama" kwa lugha ya kwao. "Kila nikiingia nakuta zimetundikwa. Nikamwambia, 'Ibu, umenikasirikia nini?' Akacheka. Akasema, 'Hata, wewe huna kosa. Najizoeza. Kwa Glenys nikitupa taulo chini nitafukuzwa.'"

Nililia palepale gatini, Mama, na kicheko kikanitoka humohumo. Darrell alinishika mkono asijue anibembeleze au acheke na yeye.

Ulikuwa unakuja.

Tunaokukumbuka ni wanao Glenys na Darrell, mkweo Marg, wajukuu zako Tamsin na Bryn, na Wayan, ambaye siku hizi meli ikifika huja kula nasi chakula cha mchana. Hutatutoka moyoni kamwe, Mama.