Aliyemuosha Hamdu

Regensburg, Ujerumani
Januari

Kwako mamangu mpenzi, Bi Mwanamkisi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naibusu mikono yako kutoka mbali, nikimuomba Mola barua hii ikukute mzima, na magoti yamekupumzisha kidogo. Mimi sijambo, alhamdulillah. Nimeona niandike, Zamzam akusomee, kwani kwenye simu ningelia tu.

Baridi ya huku, Mama, haisemeki. Ukitoka nje machozi yanakutiririka na huna msiba. Theluji imefunika mapaa yote, lakini mji wenyewe ni wa kale, ndia zake nyembamba, kuta zake nene za mawe. Siku ya kwanza nilikata kona nikidhani nitatokea mtaa wa Langoni, kama niko Lamu. Ndipo nikafahamu kwa nini marehemu kaka Hamdu, alipokuja kusomea ukarabati wa majumba ya kale, hakutaka tena kuhama.

Aliyenipokea stesheni ni Bwana Orhan, Mturuki muoka mikate, ambaye Hamdu alikuwa amepanga chumba juu ya duka lake. Mkewe, Bi Emine, alinivua kile kikoti changu cha mtumba akanivika koti lake la sufi, hata hakuniuliza. Supu ya dengu naletewa kabla sijahisi njaa.

Asubuhi yake Bwana Orhan alinipeleka makaburini. Ndiani nikamuuliza lile linalokunyima usingizi mwaka mzima: Hamdu moyo wake ulisimama ghafla, sisi tuko Lamu, je, nani alimuosha? Alisimama pale juu ya daraja la mawe, akanijibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, “Mimi. Mwanangu alinimiminia maji.” Akanieleza walivyomkafini na kumswalia baada ya Ijumaa, na jinsi Wajerumani aliofanya nao kazi walivyopokezana jeneza kimya kimya, theluji ikiwaangukia. Nililia pale pale, watu wakipita, nikamshukuru Mungu.

Kaburi tulilikuta safi, theluji imefagiliwa. Bi Emine hulifagia mwenyewe.

Sasa Mama, naomba radhi yako. Ulinituma nikafanye mipango Hamdu afukuliwe, arudishwe azikwe kando ya Baba. Sikufanya. Niliketi pale nikamsomea Yasini, na moyo ukakataa kumuondoa mtu aliyelazwa kwa mapenzi namna ile. Nimemwacha alipo. Ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu. Lakini Bwana Orhan anasema chumba cha Hamdu hakijapangishwa, na baridi ikipungua uje umzuru mwanao.

Nisalimie Ami Abdulwahid na Bi Saadiya, na wote wanaoniulizia. Na ukimuombea Hamdu baada ya swala, wataje na Orhan na Emine kwa majina yao. Ni jamaa zetu hawa.

Wako mtiifu, hata kwa hili,
Rawiya