Usiteremke Mazinde

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya baba mfikishie. Hali zenu huko kwetu Malindi milimani? Kifua cha bibi kimepoa, au bado ukungu wa asubuhi unamsumbua? Mimi mwili hauna neno. Nimeandika kwa herufi kubwa kubwa ili usome mwenyewe, wenzako wa darasa la watu wazima waone kuwa hubahatishi.

Mama, usiteremke Mazinde.

Najua nilikuandikia kwamba timu ya riadha ya shule yetu itakwenda Tanga kwa lori, na kwamba lori litapumzika Mazinde, tuonane japo kidogo. Niliandika kana kwamba nimeshachaguliwa. Mbio za kuchagua zimekwisha na mimi nimeachwa.

Usije ukadhani naumwa. Uwanja wa huku Singida ni tambarare, ukisimama mwanzo unauona mwisho. Nami nikakimbia kama nilivyokuwa nikitoka shuleni kuja nyumbani huko kwetu: taratibu bondeni, pumzi nimeiweka akiba kwa ajili ya kile kilima cha msikitini. Wenzangu wakatangulia, nami nawacheka moyoni, nasema watakoma huko mbele. Huko mbele hapakuwa na kitu. Nikashtukia utepe umeshakatwa, rafiki yangu Maria wa kwanza, mimi wa tatu, na waliotakiwa ni wawili.

Mwalimu wa michezo akanishika bega. "Zaina, mbona hata jasho hutoki?"

"Nilikuwa nangoja mlima, Mwalimu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sasa bweni zima linaniita Mngoja Mlima. Nacheka nao, kisha naenda kulia nyuma ya jiko.

Sikutaka kombe, Mama, wala kuchukuliwa jeshini kama wale dada waliotutangulia, ambao sasa wanakimbia katika timu ya jeshi na kula vizuri. Nilitaka lile lori tu. Wenzangu wa huku hutembelewa Jumapili, wanaletewa karanga na habari za kwao. Mimi tangu nije hakuna aliyenisalimia kwa kilugha chetu, akaniambia "onga mshi". Juzi kisimani nilijisalimia mwenyewe, nikajiitikia, halafu nikatazama nyuma kama kuna aliyenisikia. Kulikuwa na mbuzi. Na likizo bado iko mbali.

Nisalimie bibi, umwambie bado navaa sweta alilonifumia, ingawa joto la huku halilitaki. Msalimie kaka Shabani na kabichi zake, na shangazi wa Mlalo aliyesema msichana akikimbia sana hatanenepa. Mwambie amesema kweli.

Sasa Mama, posta ni posta. Barua hii ikichelewa, ukajikuta umeshateremka kutwa nzima na umesimama barabarani, usirudi kwa hasira. Ngoja lori lenye wasichana wa fulana za kijani. Maria ameniuliza atakujuaje, nikamwambia ni yule mwenye kikapu cha mapeasi, anayetazama kila gari. Atashuka akuamkie. Mapeasi uliyonichumia mpe yeye, ndiye aliyeshinda. Ila usimwache aondoke upesi. Mwache akutazame vizuri, uso na mikono, maana akirudi nitamwuliza ulivyo.

Ni mimi mwanao,
Zaina